Dai la Macho Huharibikia Chumbani kwa Daktari

Ukikaa muda kwenye dawati la madai ya bima katika kliniki ya macho Marekani, unagundua kwamba madai mengi yanayokataliwa kwa sababu ya msimbo wa ugonjwa hayakuharibiwa na karani. Yaliharibika mapema, pale daktari alipoandika "glakoma ya pembe wazi, aendelee na dawa" akafunga faili. Karani hana ruhusa ya kukisia ni jicho lipi wala ugonjwa huo unaoharibu neva ya jicho umefika wapi, kwa hiyo anabaki na H40.1190: jicho halikutajwa, hatua haikutajwa. Upande wa pili kuna kampuni ya bima inayoombwa ilipie skani ya neva ya jicho na kipimo cha uga wa kuona. Inasoma msimbo usioonyesha jicho wala ukali wa ugonjwa, inakataa. Kusema kweli, ni vigumu kuilaumu.

Kanuni tunayoifuata ni hii: kila tarakimu ya msimbo iwe na maneno yake kwenye faili la mgonjwa. Tarakimu isiyo na maneno ni kisio, na maneno yasiyo na tarakimu ni pesa iliyoachwa mezani.

ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya magonjwa, ilianza kutumika Marekani tarehe 1 Oktoba 2015. Kabla ya hapo, chini ya ICD-9, msimbo 365.11 ulikuwa uleule kwa glakoma ya pembe wazi, iwe ya kulia, ya kushoto au ya macho yote. Sasa msimbo unaweza kufika nafasi saba. Magonjwa mengi ya macho yako kati ya H00 na H59, na kwa mengi kati ya hayo upande wa jicho umo ndani ya msimbo wenyewe: 1 ni kulia, 2 ni kushoto, 3 ni yote mawili, 9 au 0 ni upande usiotajwa. Ukavu wa macho yote mawili ni H04.123. Mtoto wa jicho wa kwenye kiini unaotokana na umri, jicho la kushoto, ni H25.12.

Kope zina hesabu yake, na hapo ndipo waliozoea huteleza. Chokea la nje kwenye kope ya juu kulia ni H00.011, ya chini kulia ni H00.012. Sasa tazama H00.013. Aliyezoea ataisoma "macho yote mawili", kumbe maana yake ni jicho la kulia, kope isiyotajwa. Kushoto kunaanzia 4: H00.014 ni kope ya juu, H00.015 ya chini. Ikiwa daktari amekata uvimbe sugu wa kope, mambo yanakorogeka zaidi, kwa sababu modifaya za kope, yaani alama fupi zinazoongezwa kwenye msimbo wa huduma, zinahesabu kinyume: E1 ni juu kushoto, E2 chini kushoto, E3 juu kulia, E4 chini kulia. Chalazioni ya kope ya juu kushoto ni H00.14, na upasuaji wake, 67800, unabeba E1. Ukiandika H00.11 pamoja na E1 umesema ugonjwa uko kulia na kisu kimepita kushoto. Programu ya bima haihitaji binadamu kuliona kosa hilo.

Kuna pia herufi A na B. Uvimbe wa kingo za kope za juu na chini kwa pamoja ni H01.00A kwa kulia na H01.00B kwa kushoto, na tezi za meibomu zisizofanya kazi vizuri ni H02.88A na H02.88B. Hapa hakuna msimbo wa "macho yote"; unaandika yote miwili. Kwa upande mwingine, ipo misimbo isiyo na upande kabisa: H52.4 ya kutoona karibu kwa sababu ya umri, H10.45 ya mzio sugu wa macho, Z96.1 ya lenzi ya bandia. Anayeiongezea tarakimu akidhani anaifanya iwe mahususi zaidi ameunda msimbo ambao haupo. Msimbo kuwa mrefu si sawa na kuwa mahususi.

Glakoma ndiyo inayotuletea kazi nyingi kuliko yote. Glakoma ya pembe wazi ya msingi ni H40.111 kwa kulia, H40.112 kwa kushoto, H40.113 kwa yote mawili, kisha nafasi ya saba inataja hatua: 0 haikutajwa, 1 ya awali, 2 ya kati, 3 kali, 4 haiwezi kubainishwa. Hatua hazichaguliwi kwa hisia. Ya awali ni pale neva ya jicho inapoonyesha dalili za glakoma lakini kipimo cha kawaida cha uga wa kuona bado kiko safi. Ya kati ni uga ulioharibika katika nusu moja tu, ya juu au ya chini, na uharibifu haujaingia ndani ya nyuzi 5 za kitovu cha kuona. Kali ni nusu zote mbili kuharibika, au uharibifu kuingia ndani ya nyuzi 5 hizo hata katika nusu moja. Kwa hiyo hatua inategemea kipimo ambacho mara nyingi kimefanyika siku ileile, na daktari anaweza kuiandika kwa sekunde chache akiwa na karatasi ya matokeo mkononi. Asipoiandika hapo, karani atamtafuta siku mbili.

Tofauti ya 0 na 4 inawachanganya watu wazima. 4 ni kauli ya kitabibu: daktari ameangalia, na hatua haibainiki, labda kwa sababu kipimo hakijafanyika, mgonjwa hawezi kukifanya, au matokeo hayaaminiki. 0 maana yake hakuna aliyeandika chochote. Mgonjwa mpya ambaye kipimo chake kimepangwa wiki ijayo anastahili 4, mradi daktari aseme hivyo kwenye faili. Tunaziona 0 nyingi ambazo zingekuwa 4 halali kwa sentensi moja.

Macho yakiwa na hatua tofauti, msimbo wa "yote mawili" hautumiki. Chukua mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, mwenye glakoma ya kati kulia na kali kushoto, ana ukavu wa macho, na amepimwa miwani ya kusomea siku hiyohiyo. Kwenye fomu ya madai ya CMS-1500, kisanduku cha 21 kinapokea hadi misimbo 12, kuanzia A mpaka L, na nukta haiandikwi. Kitajazwa hivi: A ni H401112, B ni H401123, C ni H04123, D ni H524. Alama ya aina ya msimbo hapo juu ni 0, yaani ICD-10. Kisha inakuja safu ya 24E, ambako kila huduma inaonyeshwa ugonjwa wake kwa herufi, zisizozidi nne kwa mstari (kwa fomu ya karatasi Medicare inataka herufi moja tu, ile ya ugonjwa mkuu; mfano huu ni wa dai la kielektroniki). Uchunguzi wa macho, 92014, unaelekezwa ABC. Kipimo cha uga wa kuona, 92083, ni AB. Skani ya neva ya jicho, 92133, ni AB. Kupima miwani, 92015, ni D peke yake, na kwa kuwa Medicare haikilipii kwa mujibu wa sheria, kinabeba modifaya GY na mgonjwa analipa mwenyewe.

Safu hiyo ya 24E inaua madai mengi yenye misimbo mizuri kabisa. Programu nyingi za kliniki hujaza ABCD kwenye kila mstari bila kuulizwa, au huweka A kila mahali. Mgonjwa akiwa na ukavu wa macho kama A na glakoma kama B, skani ya neva inaenda kwa bima ikisema imefanywa kwa sababu ya macho makavu. Jibu linarudi na msimbo wa sababu 11, ugonjwa haulingani na huduma, au 50, huduma haikuwa ya lazima kitabibu. Karani mgeni atatazama kisanduku cha 21, ataona glakoma ipo, na atashangaa. Usishangae. Fuata herufi.

Wanaoshukiwa kuwa na glakoma wasipewe H40.11 ili kipimo kilipwe. Wana misimbo yao: H40.01 kwa pembe wazi yenye hatari ndogo, H40.02 kwa hatari kubwa, H40.05 kwa presha ya jicho iliyopanda bila uharibifu, kila mmoja ukifuatiwa na 1, 2 au 3 ya upande. Hapa daktari anapaswa kutaja vihatarishi vyenyewe, kama historia ya familia, konea nyembamba au kikombe cha neva (shimo la katikati ya neva ya jicho) kilichopanuka, maana ndivyo vinavyotenganisha hatari ndogo na kubwa. Hili linatuleta kwenye kanuni ambayo imeandikwa wazi kwenye mwongozo wa ICD-10-CM na bado inavunjwa kila siku: kwa wagonjwa wa nje, ugonjwa ulioandikwa "huenda ni", "inashukiwa" au "tuondoe uwezekano wa" haupewi msimbo kana kwamba umethibitishwa. Unaandika dalili. Mtu aliyekuja na vidoadoa vinavyoelea kwenye jicho la kulia, daktari akahofia retina imebanduka na akakuta iko salama, ana H43.391 au H43.811 kulingana na kilichoonekana. Hana H33. Ukimwandikia H33, bima inaweza hata kulipa, lakini rekodi yake itabeba ugonjwa asiokuwa nao.

Kisukari kinataka uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu msimbo mmoja unabeba kisukari, retina, makula (kitovu cha retina) na upande kwa pamoja. Daktari akiandika "kisukari aina ya 2, retinopathi", yaani retina iliyoathirika, karani anaishia E11.319, usiotaja ukali wala jicho. Daktari yuleyule akiandika "retinopathi ya kati isiyoota mishipa mipya, na uvimbe wa makula, kulia, hafifu bila uvimbe, kushoto", tunapata E11.3311 na E11.3292. Ni maneno machache zaidi. Maswali manne hutosha: aina ya kisukari, ukali wa retinopathi, makula imevimba au la, jicho gani. Uvimbe wa makula ndio unaosahaulika, na ndio unaobeba uzito pale mgonjwa anapodungwa sindano ndani ya jicho. Ongeza Z79.4 kama anatumia insulini kwa muda mrefu, Z79.84 kama anameza vidonge, Z79.85 kama anadungwa dawa isiyo insulini. Na kamwe usiweke E11.9 kando ya msimbo wa retinopathi. E11.9 inasema kisukari hakijaleta madhara, na mstari unaofuata unasema kimeleta.

Kuchakaa kwa makula nako kuna nafasi ya saba, ila tarakimu zake hazifanani na za glakoma. Aina kavu, H35.31, inaenda 1 ya awali, 2 ya kati, 3 na 4 kwa iliyokomaa, 4 ikiwa imefika katikati ya makula. Aina ya unyevu, H35.32, ni 1 kwa mishipa mipya iliyo hai, 2 kwa iliyotulia, 3 kwa kovu lisilo hai. Sindano, 67028, inayoombewa malipo kwa H35.3212, yaani jicho la kulia lenye mishipa iliyotulia, inaalika maswali. Mara nyingi msimbo ulinakiliwa kutoka ziara iliyopita bila mtu kuutazama. Uamuzi wa hai au tulivu ni wa daktari, si wa karani, hata kama karani anaona wazi kipi kingelipwa.

Mtoto wa jicho unaonekana rahisi mpaka ufike jicho la pili. Mwongozo unasema hivi: mgonjwa mwenye tatizo macho yote akitibiwa upande mmoja mmoja, upasuaji wa kwanza unabeba msimbo wa macho yote, kwa sababu siku hiyo yote bado yana ugonjwa. Wa pili unabeba msimbo wa jicho lililobaki. Kwa hiyo jicho la kulia likitangulia ni H25.13 na 66984-RT. La kushoto likifuata ni H25.12 na 66984-LT. Ndani ya siku 90 za uangalizi baada ya upasuaji wa kwanza, wa pili unahitaji pia modifaya 79, la sivyo utahesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya kwanza. Epuka H26.9 na H25.9, ambazo hazitaji hata aina. Utando unaojitokeza nyuma ya lenzi baadaye, unaotibiwa kwa leza 66821, ni H26.49 na tarakimu ya upande, na faili lieleze kuona kumepunguaje au mwanga unamsumbuaje mgonjwa.

Majeraha tuyapite haraka. Kitu kilichoingia kwenye konea ya jicho la kulia ni T15.01XA. Hiyo X inashika nafasi tu, na A ni matibabu ya awali. Ukiiacha X, A inahamia nafasi ya sita na msimbo unakufa.

Kwa wanaotumia hydroxychloroquine, dawa inayoweza kudhuru makula, skani na kipimo cha uga hufanywa kabla madhara hayajatokea, kwa hiyo hakuna ugonjwa wa jicho wa kuandika. Andika ugonjwa unaotibiwa, tuseme baridi yabisi M06.9, pamoja na Z79.899 ya matumizi ya dawa ya muda mrefu. Usiandike H35.38 ya makula iliyoathiriwa na sumu, isipokuwa imeathirika kweli.

Kuna suala linalotangulia misimbo yote: mgonjwa amekuja kwa nini? Marekani bima ya afya na mpango wa miwani mara nyingi ni vitu viwili, na sababu ya ziara ndiyo inayoamua pa kupeleka dai. Medicare hailipi uchunguzi wa kawaida wa mtu asiye na lalamiko, hata kama daktari atagundua ugonjwa katikati ya uchunguzi huo. Hapo msimbo ni Z01.01 ukifuatiwa na kilichogunduliwa, au Z01.00 kama hakuna kilichoonekana. Kwa sababu hii mstari wa kwanza wa faili, unaoandikwa na msaidizi kabla daktari hajaingia, una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. "Uchunguzi wa mwaka" inafunga mlango. "Ufuatiliaji wa glakoma, miezi minne" inaufungua, ikiwa ndiyo sababu ya kweli. Kuibadilisha baada ya kujua nani analipa ni udanganyifu.

Je, msimbo usiotaja ni haramu? La. Zipo ziara ambazo daktari kwa haki kabisa hajui zaidi, na mwongozo unaruhusu. Kwa upande wa jicho tu ndipo ni vigumu kutetea, maana hakuna daktari aliyechunguza jicho asijue lilikuwa lipi. Dawa yake iko kwenye programu ya kliniki: ondoa H40.1190, H25.9 na wenzao kwenye orodha ya misimbo ya haraka. Daktari aliyechoka huchagua wa kwanza anaouona. Halafu kila mwezi toa ripoti ya misimbo ya H inayoishia na 9 au 0 na uipitie kwa macho, kwa sababu si kila 9 au 0 ni ya upande.

Dai likirudi, soma kwanza lilikataliwa au halikupokelewa. Msimbo uliokatika, kama H40.11 mtupu, hugonga mlangoni na kurudi, na wewe unausahihisha na kutuma tena. Sababu 16 pamoja na maelezo M76 inasema msimbo wa ugonjwa umekosekana au si sahihi. Ikiwa na MA130 hakuna haki ya rufaa. Tuma dai jipya lililokamilika. Sababu 146 inasema msimbo haukuwa halali kwa tarehe ya huduma. 11 na 50 ndizo zinazotaka ufungue faili. Ukiona N115, uamuzi umefuata LCD, mwongozo wa malipo wa eneo lenu. Tafuta makala yake ya misimbo, ambayo inaorodhesha magonjwa yanayokubalika kwa huduma hiyo, na ulinganishe na alichoandika daktari, si na unachotamani angeandika.

Faili likiunga mkono msimbo bora kuliko uliotumwa, ni kosa la kiuandishi, na Medicare inaruhusu uamuzi kufunguliwa upya ndani ya mwaka mmoja bila rufaa. Faili likiunga mkono uliotumwa na bado mnaamini huduma ilistahili, rufaa ya kwanza ina siku 120 tangu kupokea uamuzi. Daktari akikumbuka jambo ambalo hakuliandika, anaongeza maelezo yenye tarehe ya siku anayoyaandika na sahihi yake. Hafuti ya zamani wala harudishi tarehe nyuma. Na faili lisipounga mkono chochote, dai hilo limekwisha, lifungeni.

Misimbo hubadilika kila tarehe 1 Oktoba, na tangu 2022 mabadiliko madogo huweza kuingia pia tarehe 1 Aprili. Kinachotawala ni tarehe ya huduma. Mgonjwa aliyeonwa 30 Septemba anabeba msimbo wa zamani hata dai lake likitumwa Novemba, kwa hiyo msisasishe orodha ya haraka mpaka ziara zote za Septemba ziwe zimeandikiwa misimbo, au wekeni orodha mbili kwa wiki kadhaa.